Habari Mbili za Siku Moja



Nina daftari ambalo ndani yake huandika habari kubwa za kila mwaka, nasi hulitumia katika chama cha akina mama tunapokutana kuiombea nchi. Juzi nililifungua kwenye kurasa za mwaka 2024. Ulikuwa mwaka mzito.

Nilikuta mafuriko ya masika, na maji yaliyoufagia Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili watu wakiwa usingizini. Nilikuta tarehe 25 Juni, vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, na Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Nilikuta pia furaha ya Agosti kutoka Paris, Faith Kipyegon, mama wa mtoto, alipotwaa dhahabu ya mita 1500 kwa mara ya tatu mfululizo katika Olimpiki.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao bado unanitoa machozi. Ni wa tarehe 5 Septemba.

Alfajiri ya siku hiyo Rebecca Cheptegei alifariki hospitalini Eldoret. Alikuwa mwanariadha wa Uganda, mwenye umri wa miaka 33, aliyejenga nyumba Endebess, Trans Nzoia. Mwezi uliotangulia alikuwa amekimbia marathoni ya Paris na kumaliza wa 44. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, aliporudi kutoka kanisani na watoto wake, mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli akamwasha moto. Zaidi ya robo tatu ya mwili wake iliungua. Familia yake ilisema kwamba vitisho hivyo vilikuwa vimeshapelekwa polisi zaidi ya mara moja.

Usiku wa siku hiyo hiyo moto ulizuka katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Wavulana 21 walikufa.

Wengi tulizisoma kama habari mbili tofauti, moja ya wanariadha na nyingine ya shule. Mimi muuguzi naziona kuwa moja. Katika zote mbili, mtu aliungua mahali alipostahili kuwa salama. Na hazikuwa za kwanza. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mwaka 2021 Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Kila mara tulilia, tukazika, tukasahau.

Akina mama, sitaki kuwanyoshea wengine kidole, kwa maana nami nina langu la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja kufungwa kidonda. Alisema alijimwagia maji moto akiepua sufuria. Sisi wauguzi tunajua kwamba anayejimwagia huungua mbele. Yeye alikuwa ameungua mgongoni. Nilipomwuliza kwa upole, alinyamaza, kisha akasema, "Sista, mzee alikuwa na hasira."

Nami, nikidhani natoa shauri la Kikristo, nikamwambia avumilie, asiivunje nyumba yake, tutamwombea. Na kweli tulimwombea. Baada ya miezi minne aliletwa tena, na safari hiyo hakuweza kutembea. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Sijamsikia akinilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayejilaumu.

Tangu hapo nimejifunza kwamba Msamaria Mwema hakumwombea yule majeruhi na kumwacha barabarani. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtafutia mahali pa kulala. Basi mwenzako akikufungulia moyo, usianze kumwuliza amekosa nini. Msikilize mkiwa wawili tu. Mwulize usiku huu atalala wapi, na watoto watakuwa na nani. Mpeleke hospitali ili majeraha yaandikwe, kisha polisi akachukue fomu ya P3. Hapa Kenya namba 1195 hupigwa bila malipo mchana na usiku. Maombi yaendelee, lakini yaendelee akiwa mahali salama.

Kwa wenye watoto wa bweni: siku ya kuwatembelea, usiishie kwenye chapati na soda. Omba kuliona bweni. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na baina ya vitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Mwalimu mwema hatakasirika ukiuliza. Akikasirika, uliza tena, na uende na mama wengine watatu.

Na moto ukitokea: nguo zikiwaka, mtu asikimbie. Alale chini abingirike. Moto ukishazimika, mwondoe pete na nguo zisizogandamana na ngozi, umwagilie palipoungua maji safi ya bomba, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Tunapoyaosha hospitalini mgonjwa huumia mara mbili. Funika kwa kitambaa safi, umkimbize kwa daktari.

Nimelifunga daftari la mwaka 2024, lakini jina la yule mama wa mkono uliopinda nimeliandika kwenye ukurasa wake wa mwisho. Gazeti halikumwandika. Na wewe, msomaji, huenda unamjua wako, anayekaa benchi la nyuma kanisani akiwa amevaa mikono mirefu wakati wa jua kali. Jumapili hii usimpite. Keti karibu naye.