Moshi wa Tumbaku Nyumbani: Swali Ambalo Mgonjwa wa Pumu Haulizwi

Usiku wa Gendabi ni wa baridi. Kata hiyo ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, ipo jirani na Mlima Hanang, ambao kilele chake kinazidi mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Jua likizama, milango hufungwa ili joto lisipotee, na moshi nao hubaki ndani. Katika nyumba iliyofungwa hivyo, sigara au kiko cha mtu mmoja huvutwa na wote waliomo, na wa kwanza kuumia ni mwenye pumu au mafua ya mzio.

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000. Ukiingia puani, hudhoofisha vinyweleo vidogo vinavyosukuma ute na vumbi nje. Pua huvimba, huziba na kutiririka. Ukifika kwenye mapafu, njia za hewa zilizokwisha kuvimba kwa pumu hubana zaidi. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, ndiyo maana wagonjwa wengi wa pumu husumbuliwa pia na mafua ya mzio, na pua isiyotulia huifanya pumu iwe ngumu kudhibitiwa.

Isitoshe, moshi huharibu kazi ya dawa. Mgonjwa anayevuta sigara hupata nafuu ndogo kutokana na dawa za kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kama beklometasoni. Mtoto anayeishi na mvutaji naye hushikwa na pumu mara nyingi zaidi. Familia huweza kuuza kuku ili kununua dawa ya pampu, kisha faida yake ikapotelea katika chumba kile kile anamolala mgonjwa.

Wapo watakaosema kuwa moshi wa kuni ni mwingi kuliko wa sigara. Hoja hiyo ni ya haki, kwa kuwa mafiga matatu nayo huumiza mapafu. Lakini kuondoa kuni kunahitaji fedha na muda: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Moshi wa tumbaku unaweza kutolewa nyumbani usiku wa leo, bila kutumia hata shilingi moja.

Ugumu wake upo kwenye heshima. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inahusu hasa maeneo ya umma. Haibishi hodi nyumbani kwa mtu. Na mke wa mwana hawezi kumwambia baba mkwe azime kiko chake, hata kama mjukuu anakorota kifua. Kumwachia mama mzigo huo ni kumtaka avunje adabu ili kuokoa pumzi ya mwanawe. Mzigo huo ni wa mhudumu wa afya.

Kwa hiyo, kila mgonjwa wa pumu au mafua ya mzio anapofika zahanati, aulizwe: ‘Nyumbani ni nani anayevuta, na anavutia wapi?’ Jibu liandikwe kwenye faili lake kama linavyoandikwa jina la dawa. Kisha mvutaji mwenyewe aitwe, au atembelewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, azungumziwe kwa staha: avutie nje, mbali na mlango, na asaidiwe kuacha kabisa. Kuvutia dirishani hakutoshi, kwani hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Mgonjwa naye aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa. Hewa safi haichukui nafasi ya dawa, bali huipa dawa nafasi ya kufanya kazi.

Mzee anayempenda mjukuu wake hahitaji kukaripiwa. Anahitaji kuelezwa, na mtu ambaye neno lake analiheshimu, kwamba kikohozi kile cha usiku kinahusiana na kiko chake.