Funzo Lisitangulie Mjadala

Liko zoea moja madarasani ambalo yafaa tuliache. Mwalimu husimulia kisa, kisha huandika ubaoni: "Funzo la hadithi hii ni..." Wanafunzi hunakili, na somo huhesabiwa limekwisha.

Niliwahi kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, darasa la sita. Alisimulia vizuri habari za *Kusadikika*, kitabu ambacho Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alikitoa mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine, wakarudi na mashauri mema, wakatiwa gerezani. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, mashauri yale yangefuatwa, nani angepata hasara?" Mwanachuo akajibu kuwa kipindi kinakwisha, akaandika: "Haki hushinda." Nami nilimpa alama nzuri kwa kumaliza kwa wakati. Alama zile zinanisuta hadi leo.

Swali lile ndilo lililokuwa somo. Katika *Elimu ya Kujitegemea* ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kupima lifaalo, na hali ya kujiamini. Yeye mwenyewe, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venice, aliiita *Mabepari wa Venisi* (1969). Je, kila mfanyabiashara ni bepari? Mwenye duka la kijijini je? Neno moja tu, na darasa zima lina la kujadili.

Basi, ndugu mwanachuo, katika andalio lako la somo fanya hivi. Simulia kisa, lakini usifike kwenye hukumu. Ligawe darasa: washtaki, watetezi na wazee wa baraza. Watoto wa vijiji vya Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa baraza ni nini. Wanajua kuwa shauri haliamuliwi kabla pande zote hazijasikilizwa. Kisha watume kwa wazee wao waliohamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wawaulize lipi liliwafaa na lipi liliwaumiza. Fikra ya siasa nayo hupimwa kwa maisha ya watu.

Wako watakaosema muda hautoshi. Kisa kimoja kilichojadiliwa kwa vipindi viwili chapita visa vinne vilivyonakiliwa. Wengine watahofu kwamba watoto watakosa adabu. La hasha! Adabu si kunyamaza. Ni kumsikiliza mwenzio kabla ya kumjibu.

Mwalimu anayelizima swali la mtoto amekalia kiti cha Majivuno, hata kama ubaoni ameandika sifa za Karama.