Karibu, Mbwa Kali: Kibao cha Mlangoni na Dhamana ya Msomi wa Kiswahili

Mtaalamu wa Kiswahili anapotajiwa uchapishaji, fikra zake huelekea moja kwa moja kwenye riwaya, diwani na majarida. Ni nadra afikirie kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari kando ya mlango. Hata hivyo, katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, andiko la kwanza analokumbana nalo mgeni kabla hajaonana na mwenye nyumba ni hilo hilo: kibao chenye jina la ukoo, neno la kukaribisha au onyo kuhusu mbwa. Vibao hivi havina mhariri wala mchapishaji. Huandikwa na fundi wa mtaani, na aghalabu, kwa kuwa rangi na msasa hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, huandikwa na wenye nyumba wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo, ambayo wengi huiona kuwa mchezo wa Jumamosi alasiri, ni uandishi wa umma, na kwamba wasomi wa Kiswahili wamewaachia wengine kazi hiyo kwa muda mrefu mno.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kibao kinavyotengenezwa, kwani sehemu ya hoja inatokana na ufundi wenyewe. Huenda neno stensili likawakumbusha wahadhiri wakongwe ile karatasi ya nta iliyotumiwa kurudufia mitihani. Hapa maana yake ni karatasi ngumu, au plastiki, au hata picha kuukuu ya eksirei, iliyotobolewa kwa wembe katika umbo la herufi. Masalio ya mbao hutafutwa kwa seremala, hupigwa randa, husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa rangi ya kwanza na kuachwa yakauke kabisa. Stensili hubandikwa juu yake kwa utepe wa gundi, na rangi ya maandishi huguswaguswa kwa kipande cha sifongo kilichokamuliwa hadi kikakaribia kukauka. Mwenye pupa huchovya brashi nzima. Rangi hupenya chini ya stensili na herufi zikaota ndevu. Mwisho kabisa hupakwa vanishi ili mvua ya masika isiyafute maneno.

Ugumu halisi, hata hivyo, haumo katika rangi. Umo katika matundu. Herufi kubwa kama A, B, D, O, P na R zina nafasi iliyozingirwa pande zote. Mtu akiikata O kwa mzunguko kamili, kitovu chake huanguka na kinachosalia ni shimo tupu. Kwa hiyo mkataji hana budi kuacha vijidaraja vyembamba vya karatasi vinavyokishikilia kitovu mahali pake. Katika jambo hili Kiswahili kina gharama yake. WELCOME, neno la herufi saba, lina O moja tu inayodai vijidaraja. KARIBU, neno la herufi sita, linazo tatu: A, R na B. Haidhaniwi kwamba hii ndiyo sababu ya Kiingereza kutamalaki barazani, lakini ni bayana kwamba anayekata neno KARIBU kwa wembe hukaa nalo muda mrefu. Hulisoma herufi baada ya herufi, kinyumenyume pia anapoigeuza karatasi. Ni wahariri wachache wanaoupa mswada uangalifu wa namna hiyo.

Aidha, stensili haitumiki mara moja ikatupwa. Ikishakatwa huoshwa, huanikwa, huazimwa na jirani. Ndipo penye hatari, maana kosa lililokatwa mara moja hupakwa mara ishirini. Mfano maarufu zaidi haumshangazi yeyote aliyewahi kutembea katika mitaa yenye mageti: MBWA KALI. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mbwa, ingawa umbo la jina lake ni la ngeli ya I-ZI, ni kiumbe mwenye uhai, na kwa sababu hiyo huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali. Anajua, anajibu swali hilo kwenye mtihani, kisha anapita chini ya kibao hicho kila jioni akielekea nyumbani. Yamkini hata kibao cha nyumbani kwao kinasema vivyo hivyo.

Kuna wanaojibu kwamba MBWA KALI si kosa tena, bali ni Kiswahili cha Kenya, na kwamba lugha huamuliwa na wazungumzaji wala si na kamusi. Hoja hii haistahili kubezwa. Sarufi sanifu yenyewe haina usafi inaodhaniwa kuwa nao. Mtu husema "rafiki yangu mkubwa", ambapo kimilikishi kimefuata umbo la nomino ilhali kivumishi kinachofuata papo hapo kimefuata uhai wake. Ikiwa usanifu umeuvumilia mgongano huo ndani ya kirai kimoja, anayemtetea mbwa wake "kali" ana pa kuegemea. Tatizo ni kwamba wanaoandika vibao hivyo hawafanyi utetezi wowote. Wananakili. Kibao cha jirani kimekuwa ndicho kamusi, na jirani naye alinakili kwa mwingine. Anayeiacha M baada ya kuifikiria ametoa kauli, na kauli hiyo inaweza kujadiliwa. Aliyeiacha kwa kuwa stensili aliyoazima haikuwa nayo hajasema lolote.

Lakini herufi moja iliyokosekana ndiyo kasoro ndogo kati ya mbili. Kasoro kubwa inaonekana katika vibao ambavyo sarufi yake haina dosari yoyote.

Chukua lile neno KARIBU. Katika adabu ya Waswahili, mazungumzo ya mlangoni huanzishwa na mgeni. Yeye hubisha hodi akiwa nje, tena kwa sauti ya kusikika, kisha hungoja. "Karibu" ni jibu. Huenda akabisha mara ya pili na ya tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, bila kinyongo, kwa kuwa mwenyeji ana haki ya kutoitikia. Kibao cha KARIBU kimejibu kabla ya kuitwa. Kinajibu usiku na mchana, mwenyeji awepo asiwepo, na pengine futi mbili tu kutoka kwa ndugu yake MBWA KALI, hivi kwamba mgeni hajui ashike lipi. Neno ni la Kiswahili, lakini mantiki ya kulitundika mlangoni ni ya lile WELCOME linaloandikwa kwenye zulia la kupangusia miguu. Kilichotafsiriwa ni msamiati peke yake. Mwenye kutaka kibao kinachoujua utaratibu wa mlango wa Kiswahili angekata BISHA HODI, agizo linalomrudishia mgeni zamu yake ya kuzungumza.

Hali haikuwa hivi kila mahali. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba za mawe zina daka, yaani ukumbi mdogo wa mbele wenye viti vya mawe pande mbili, na nyuma ya daka upo mlango wa nakshi. Baadhi ya milango ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki imechongwa maandishi juu ya kizingiti: aya za Kurani au mwaka wa Hijria. Maandishi hayo ni ya Kiarabu, kwa hivyo si ushahidi wa Kiswahili kwenye ubao. Ni ushahidi wa jambo jingine, kwamba kilichoandikwa juu ya mlango kilichaguliwa na watu waliojua uzito wake. Kiswahili chenyewe kilipata makao yake kwenye kanga, ambayo jina lake ni maneno machache yaliyopimwa barabara na yenye mtu anayelengwa. Mnunuzi wa kanga huisoma kabla ya kulipa. Swali ni kwa nini mtu huyo huyo anapofika kwenye ubao wa nyumba yake huridhika na tafsiri ya HOME SWEET HOME.

Wapo watakaosema kwamba vita vya Kiswahili viko kwingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mengi katika afisi za umma bado hayajalingana na kifungu hicho. Hilo ni kweli. Ila mwanafunzi hana mamlaka juu ya barua za wizara. Ana mamlaka juu ya ubao mmoja, na hazina ya kujazia ubao huo anayo tayari kwenye daftari lake la fasihi simulizi. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ingefaa mno juu ya mlango ambao watoto wa nyumba hiyo wametawanyika mijini kutafuta riziki. Maneno ni mengi, na ubao utahitaji kuwa mrefu. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni fupi zaidi.

Chama cha wanafunzi kinachoadhimisha tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kingeweza kuongeza meza moja kando ya ukumbi wa hotuba: karatasi ngumu, nyembe, sifongo, mikebe miwili ya rangi. Stensili moja ya MBWA MKALI, ikikatwa kwa uangalifu, inatosha kuazimwa mtaa mzima. Na hiyo M inayoachwa kila siku haina tundu lolote ndani yake; haihitaji kijidaraja hata kimoja.