"Hadi tani 3.5": namba inayodanganya watu barabara ya Namanga

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zimenibana. Hapa huwa tunaongea programu na seva, lakini leo naongea pikapu na trela. Msiondoke, ugonjwa ni uleule.

Jumamosi nilisimama Bisil kula nyama nikielekea Namanga. Kando ya barabara palikuwa na dabo kebini nyeupe iliyofungiwa trela la kambi lililochomelewa na fundi wa jua kali: hema juu, tangi la maji chini, friji, jiko la kuvutwa ubavuni. Kazi safi, sikatai. Nikamuuliza mwenyewe, trela hili lina uzito gani? "Kama tani moja hivi. Gari hii inavuta tatu na nusu, usijali bro." Nikainama kutazama magurudumu ya trela. Hakuna breki. Hata waya wa breki hakuna.

Sasa hiyo tatu na nusu. Ni kweli, Hilux ya injini ya 2.8, D-Max na Ranger za miaka ya karibuni hutangazwa kuvuta hadi kilo 3,500. Neno la kuogopa hapo ni "hadi". Ni ile "hadi" ya kampuni za intaneti, ambayo unalipia kasi yote halafu jioni video moja inakwama mara tano. Tofauti ni kwamba intaneti ikikudanganya unakasirika tu. Kwa pikapu hizohizo, kitabu cha gari kina mstari wa pili ambao hakuna muuzaji anayeusoma kwa sauti: trela lisilo na breki zake lenyewe, mwisho ni kilo 750. Siyo 3,500. Mia saba hamsini!

Na ile "tani moja hivi" nayo ni ya kukisia. Nilifanya hesabu kwenye karatasi ya nyama. Chuma tupu, ekseli na magurudumu, tuseme 1,100. Maji lita 200 ni kilo 200, hapo hakuna mjadala. Hema la juu 60. Betri, friji, jiko na mtungi wa gesi 150. Chakula, viti, makaa na kreti za soda (na zisizo soda) 150. Gurudumu la akiba na jerikeni za dizeli 90. Jumla 1,750. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mwisho wa kitabu, nyuma ya mtu anayeamini ametumia nusu tu ya uwezo wa gari lake.

Kuna watakaosema injini ina nguvu. Ndiyo, injini inavuta, lakini kinachosimamisha ni breki. Pikapu iliyopakiwa ya kilo 2,500 ikiongezewa 1,750 zisizo na breki, breki zilezile sasa zinasimamisha kilo 4,250, yaani asilimia 70 zaidi. Kama kwa kilomita 80 kwa saa ulikuwa unasimama ndani ya mita 40, sasa ni karibu 68, na hujahesabu muda wa kushtuka. Anayeijua barabara ya Kajiado hadi Namanga anajua ng'ombe hawasubiri taa ya kijani. Kundi linavuka wakati linapovuka, na nyuma yake kuna kijana mwenye fimbo.

Haya, tuseme umeweka breki kwenye trela. Bado 3,500 haijawa yako. Kiwanda hutoa pia kikomo cha msafara mzima, gari na trela pamoja. Tuchukue pikapu ya mfano, namba za mviringo: msafara mzima usizidi 6,000, gari tupu 2,100. Ukivuta 3,500 kamili, gari linabakiwa na 2,500, kwa hiyo wewe na vitu vyako ni kilo 400. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Zimebaki 25, na bado hujaweka chuma cha mbele, keria wala begi la mama watoto.

Kwa lugha yetu:

trela_halali = ndogo_zaidi(gari, ndoano, breki, msafara - gari_lililopakiwa)

Ndogo zaidi, jamani. Muuzaji anachukua iliyo kubwa zaidi na kuiandika kwenye tangazo. Programu yangu ingefanya hivyo ingerudishwa siku hiyohiyo.

Halafu kuna upangaji. Takriban asilimia 10 ya uzito wa trela inapaswa kukalia ndoano ya gari, na uzito huo unaingia kwenye mzigo wa pikapu. Ukijaza vitu vizito nyuma ya ekseli, trela linaanza kuyumba kama mkia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi. Akina mama wa huku wakifunga jerikeni kwenye punda hupima pande zote mbili kabla ya kumwachilia. Sisi wenye digrii tunarusha kila kitu nyuma na kufunga mlango.

Mafundi siwalaumu sana. Fundi huchomelea alichoagizwa, na mteja hulipia hema na rangi. Ninaowalaumu ni wanaouza matrela haya kwa bei ya kiwanja bila bamba linaloonyesha uzito, halafu wanamwambia mteja "gari yako inaweza". Inaweza kwa hesabu ipi? Breki za kusukumwa, zile zinazojibana zenyewe trela linapoisukuma gari, si teknolojia ya mwezini. Anayeuza trela la zaidi ya kilo 750 bila breki auze pamoja na barua iliyotiwa sahihi inayosema hivyo.

Nilimwonyesha jamaa ile karatasi. Akacheka, akasema ameshafika nalo Amboseli mara mbili. Nikamwambia basi angalau amwage maji, Namanga yapo. Akamwaga nusu ya tangi. Ni kilo 100, bado 1,650. Akaondoka kabla sijamaliza nyama.

Hesabu yote nimeiweka kwenye programu ndogo. Unajaza namba kutoka kwenye bamba la mlangoni mwa gari na uzito wa trela likiwa limepakiwa, uliopimwa kwenye mizani halisi, siyo wa kukisia. Anayeitaka aniandikie, nitamtumia bure.