Katika Vilima vya Mchanga vya De Panne

Wengi huamini kwamba Ubelgiji ni nchi ya nyumba, viwanda na barabara za lami tu, wala hapana mahali palipobaki ambapo upepo hufanya kazi yake bila kuzuiliwa. Leo twataka kuwaonyesha pembe moja ya nchi hiyo isiyo hivyo, nayo ni De Panne, mji wa mwisho wa pwani kabla ya kuingia Ufaransa.

Tulikwenda huko mwezi wa Septemba pamoja na mwalimu mzee wa Kalemie, aliyekuja kumtazama binti yake anayefanya kazi Ulaya. Mjukuu wake wa miaka tisa alifuatana nasi. Mwalimu huyu ana magoti mabovu na hutembea kwa fimbo. Ndiyo sababu tulichagua njia nyepesi. Nanyi mlio na wazazi wa umri huo msiogope, njia za kuwafaa zipo.

Tulishuka katika gari la moshi huko Adinkerke, tukapanda tramu ya pwani. Tramu hiyo hufuata bahari kwa kilometa 67, toka De Panne mpaka Knokke, karibu na mpaka wa Uholanzi. Ukiitazama pwani kwa dirisha lake utahuzunika kidogo, maana mahali pengi majumba marefu yamesimama bega kwa bega, na vilima vya zamani vimelala chini ya misingi yao. Kwa hiyo mtu afikapo Westhoek, ndipo afahamu ni kitu gani kilichopotea kwingine.

Westhoek ni hifadhi ya hekta 340 hivi, toka nyumba za mwisho za De Panne mpaka mpaka wa Ufaransa. Jean Massart, mtaalamu wa mimea, alikwisha kuomba mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1912, kwamba pwani hiyo ilindwe. Lakini serikali haikuifanya hifadhi mpaka mwaka 1957. Mwalimu wetu aliposikia mwaka huo akasimama, akahesabu kwa vidole. «Hifadhi yetu ya Albert, ile ya Virunga, ni ya mwaka 1925. Basi sisi tumewatangulia kwa miaka 32!» Akacheka mpaka machozi. Ni kweli, ingawa tulimkumbusha kwamba ni Wabelgiji hao hao walioianzisha, wakawakataza wenyeji kulima na kuwinda mle, huku kwao wenyewe wakiacha vilima viuzwe viwanja viwanja.

Tulianzia katika msitu wa Calmeyn, ulio kando ya hifadhi. Njia yake ni tambarare, kivuli chake kizuri, na mzee aweza kuizunguka bila kuhema. Maurice Calmeyn alianza kupanda miti hiyo mwaka 1903, juu ya mchanga mtupu. Bwana huyo alipata kufika Kongo akiwinda tembo, na mwaka 1912 akachapisha kitabu juu ya nchi yetu na utawala wake. Basi mtu aliyepiga tembo wetu ndiye aliyewapandia watu wa De Panne msitu wao. Mambo ya dunia!

Tulipotoka chini ya miti tukaona vilima vyenyewe. Vimetokea hivi: bahari ikipwa, upepo hukausha mchanga wa ufukoni na kuusukuma kuelekea nchi kavu. Hapo mchanga hukuta majani marefu magumu ambayo wenyeji huyaita helm. Majani hupunguza nguvu ya upepo, mchanga ukaanguka miguuni pake. Mmea mwingine ungekufa kwa kufunikwa. Huu hufurahi, huchipua juu zaidi na kuzidisha mizizi, nao mchanga huja tena. Hivyo kilima hukua, kikishonwa ndani kwa mizizi kama kikapu.

Lakini majani yakikatika, upepo hupata tundu, na tundu hilo huwa shimo. Mchanga usio na majani hutembea. Katikati ya Westhoek pana kilima kilichotembea hivyo hata watu wakakiita Sahara, ingawa siku hizi majani yamekifunika sehemu kubwa. Na huko Koksijde, si mbali, watawa wa Citeaux walikuwa na abasia kubwa tangu karne ya 12. Vita na mchanga viliwachosha, hata mwaka 1627 jumuiya yao ikahamia Bruges. Magofu ya abasia yalifukuliwa toka chini ya mchanga.

Kati ya kilima na kilima pana mabonde madogo yenye unyevu. Bonde la namna hiyo huitwa panne, na ndiyo asili ya jina la mji. Mvua huzama mchangani, na maji yake matamu, kwa kuwa ni mepesi, hulala juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Humo huzaliana chura mwenye mstari wa manjano mgongoni, ambaye haruki kama vyura wengine bali hukimbia kama panya. Tuliona pia vichaka vya miiba vilivyojaa matunda madogo ya rangi ya machungwa, sungura wengi, na ng'ombe wenye manyoya marefu walioletwa kusudi wale vichaka visienee kupita kiasi.

Juu ya njia, haya yafaa kujulikana. Zimewekwa alama kwa vigingi, na nyingi si zaidi ya kilometa chache. Mchanga mkavu huchosha magoti. Kwa hiyo nenda asubuhi baada ya mvua, wakati umeshikamana. Vaa suruali ndefu, maana kupe wapo majanini. Fimbo ya mwalimu ilizama kila hatua, hata akaigeuza, kichwa chake kipana kikawa chini, akaendelea vizuri kuliko sisi.

Ndipo mjukuu akaruka waya na kupanda mteremko mbio. Mchanga ukamwagika nyuma yake, na majani mawili matatu yakang'oka pamoja na mizizi. Mwalimu hakupaza sauti. Alimwita, akamketisha kando yake, akamwambia habari ambayo sisi wenyewe hatukuwa tumeisikia. Nyumba yake ya Kalemie ilikuwa karibu na ziwa. Miaka mingi watu walichota mchanga wa ufukoni kwa kujengea, naye pia alichota, maana ulikuwa wa bure. Mwaka 2021 Ziwa Tanganika lilipopanda, maji yaliingia katika baraza. Na mwaka 2024, lilipopanda tena, yaliangusha ukuta wa chumba alimokuwa ameweka vitabu vyake. «Sisemi kwamba ziwa lilipanda kwa ajili ya ndoo zangu,» alisema, «lakini lilipokuja, halikukuta kitu cha kulizuia.»

Mtoto akauliza, «Babu, na hapa bahari yaweza kuja?»

Yaweza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilivunja kingo za Bahari ya Kaskazini. Uholanzi peke yake walikufa watu 1,836, na Ubelgiji pia ilipata maiti wake. Tangu hapo watu walitaka saruji kila mahali, na Westhoek yenyewe ilipata ukuta mbele ya vilima vyake. Lakini ukuta ulizuia pia mchanga mpya na maji ya chumvi, na viumbe vyake vikapungua. Hivyo mwaka 2004 walifungua nafasi mbili, ili maji makuu yaingie katika bonde dogo na kutoka, vilima vya nyuma vikiwa ngome.

Tulipomfikisha mwalimu mahali hapo alitazama kwa muda mrefu. «Wameifungulia bahari mlango?» Tukamweleza kwamba nyuma yapo mamia ya meta ya vilima, na kwamba kilima hai hujitengeneza chenyewe, lakini saruji ikipasuka lazima mtu ailipie. Alisikiliza kwa adabu. «Maneno yenu ni mazuri,» akasema, «lakini ninyi hamjaona maji yakiingia kwa mlango wa nyumba yenu.» Hatukuwa na jibu. Twaamini bado kwamba wataalamu hao wamefanya vema, maana nchi yao ina vilima vipana vya kuwalinda mahali hapo. Kalemie hakuna ngome ya namna hiyo nyuma ya nyumba zilizo ufukoni.

Tuliendelea mpaka mpaka wa Ufaransa, ambapo vilima havijui nchi wala bendera, na mtoto akasimama mguu mmoja huku na mmoja kule. Kisha tukarudi kwa ufuko, mchanga wake ukiwa mgumu kama sakafu. Katika tramu mwalimu alikung'uta viatu vyake nje ya mlango kabla haujafungwa, akauliza kama ni kweli kwamba huko Koksijde pana kilima cha meta 33, kirefu kuliko vyote vya pwani hiyo, na kama twaweza kukipanda kesho. Tulitazama magoti yake. Tukamwambia, kesho kutwa.