Ulizia spea kabla ya bei

Ndugu mkulima, juzi nimeshinda Kariakoo, kuanzia Gerezani mpaka Jangwani, natafuta beringi ya pawatila ya mkulima wangu. Kila duka jibu moja: "Hiyo hatuna, mzee." Mashine imelala, mvua zinapita.

Tangu Kilimo Kwanza ya 2009 pawatila nyingi zimeingia kutoka Asia, na tunazilaumu zote kuwa feki. Mimi nakataa. Nyingi tumeziua wenyewe: mashine ya jaruba la mpunga tunailimisha udongo mkavu, mgumu. Inazidiwa, kifaa kinakatika, spea haipo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, pita Kariakoo uulizie beringi, mkanda na gasketi zake. Zikikosekana, iache hata kama ni bei chee. Hela utatafuta nyingine, msimu haurudi.