Staa Auza V8, Anunua IST: Mnacheka Nini?

Wiki nzima mjini stori ni moja. Staa mmoja wa Bongo Fleva, mkazi wa Tegeta, kaonekana sheli akishuka kwenye IST ya rangi ya fedha. Ile V8 nyeusi ya dizeli aliyokuwa akiitupia Insta kila wikiendi haipo tena. Kaiuza. Picha ilipovuja tu, komenti zikaanza kumiminika: "Kafulia huyo." "Muziki umemkataa." Mwingine kauliza kama siku hizi anapokea abiria wa Bolt.

Haya, kabla ya kucheka, hesabu ziwekwe mezani.

Land Cruiser 200 ya dizeli ina injini ya karibu cc 4,500, na yenye tenki mbili inabeba lita 138. EWURA inatangaza bei za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangu 2022 watu wa Dar wameshaonja lita moja kuvuka shilingi 3,000. Kwa bei hiyo ya 3,000, kuijaza V8 full tenki ni shilingi 414,000. Tenki la IST halifiki lita 50, kwa hiyo ukilijaza, laki na nusu haiishi.

Tegeta hadi Posta, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 50. Kwenye foleni ya Mwenge na Morocco, V8 inakunywa kama lita 8 kwa safari hiyo. IST inamaliza na lita 4. Tofauti ni 12,000 kwa siku, na kwa siku 26 za mwezi ni laki tatu na ushee. Hapo oili haijaguswa: V8 inataka zaidi ya lita 9 kila ikifanyiwa service, IST haifiki lita 4. Tairi pia hazijaguswa, wala spea. Spea za IST zimejaa Gerezani, mpaka za mtumba. Fundi wa IST yupo kila mtaa. Fundi wa V8 ya dizeli akifungua boneti tu, mwenye gari anaanza kutoka jasho.

Sasa aliyefulia ni nani? Aliyeuza na hela ikabaki mfukoni, au anayemcheka huku bando la komenti kakopa?

Kuna upande wa pili ambao watu wa komenti hawautaki. Mbagala yupo msanii wa maigizo ambaye V8 yake imefunikwa turubai nje ya geti tangu mwaka jana. Akiulizwa anasema iko matengenezo. Mtaa mzima unajua kadi ya gari imewekwa bondi kwa watu wa kausha damu, betri imekufa, na jamaa anatoka alfajiri na bajaji, kofia ya sweta imefunika uso ili asijulikane. Mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ada. Ameambiwa auze mara ngapi? Jibu lake ni lile lile: "Nikiuza, watasema."

Hilo neno "watasema" ndilo linalomaliza watu mjini hapa. Wanaosema hawamlipii wese wala ada. Siku wenye mkopo wakija na winchi, hao hao ndio watakaotoa simu kurekodi. Kicheko cha IST mnachokiona ni utani, huku Mbagala mtu anakiogopa kuliko anavyoogopa riba.

Wapo watakaosema staa ni muonekano, promota hamlipi mtu anayekuja na IST. Si kweli. Promota analipa watu wanaojaa ukumbini, na shabiki aliyekata tiketi hatoki nje kukagua maegesho. Waliokuwa wanaihitaji ile V8 kweli ni chawa waliokuwa wanajaza siti za nyuma. IST haina nafasi yao, na pengine hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko hata mafuta.

Haki isemwe: V8 si gari baya. Mtu ambaye kazi yake ni barabara za tope huko mikoani, au anavuta mzigo, aibebe tu, kwake ni jembe. Na IST ina shida zake. Iko chini, na masika yakikolea, zile njia za ndani za Bunju zitamfanya aipaki kwenye lami, akunje suruali, amalizie kwa mguu. Lakini kuchafua viatu miezi michache sio sawa na kulisha injini ya cc 4,500 mwaka mzima kwa ajili ya kwenda studio na saluni.

Kwa wale waliolewa jina lenyewe, Toyota walipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021, injini ya V8 waliiacha. Ya dizeli siku hizi ni V6 ya lita 3.3. Waliolitengeneza lichuma wamepunguza injini na hakuna aliyewaambia wamefulia. Kijana wa Tegeta akipunguza, eti kaisha.

Na ile ya "kawa Bolt" iachwe kabisa. Mamia ya vijana wa Temeke na Kinondoni wanalipa kodi ya nyumba na kusomesha wadogo zao kwa hizo hizo IST. Kufananishwa nao sio tusi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huyu wa Tegeta kasimama kabla ya ukingo, na kaondoka sheli na chenji. Wa Mbagala bado anakimbia, turubai linapepea nje ya geti. Wadau, mkimaliza kumcheka wa kwanza, mwambieni wa pili auze.